Kochi Bovu Lina Mwenyewe

Hakuna godoro lililofika Lamu kwa miguu yake. Kila kochi, kabati, friji na tangi lililomo katika nyumba za Mkomani, Langoni, Shela, Siyu au Faza lilivuka maji, likapakuliwa, likabebwa na hamali, punda au mkokoteni hadi mlangoni, na mwenyewe akalipia kila hatua bila kinyongo. Kitu hicho kikichakaa, mkono uliokuwa mwepesi unakuwa mzito. Kinatolewa nje usiku na kuegemezwa ukuta wa jirani. Au anaitwa kijana mwenye punda, anapewa shilingi mia tatu na kuambiwa, "Katupe huko."

Huko ni wapi? Mwenye nyumba haulizi, na hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Godoro lililotupwa kwenye mikoko halikai pale. Bamvua likija linaliinua, sponji linachanika vipande vipande, na kinachobaki kinamrudia mvuvi nyavuni. Kulichoma ni vibaya zaidi: moshi wa sponji ni sumu, na katika vichochoro vyetu ambavyo watu wawili na punda hupishana kwa taabu, moshi huo unaishia vyumbani mwa watu. Friji nayo ina gesi na mafuta ndani ya mabomba yake. Anayeipasua kwa tamaa ya shaba anaachilia vyote viwili. Na yeyote anayeelekea vilima vya mchanga vya Shela na mzigo wa aina hii akumbuke kwamba chini ya mchanga ule ndiko yaliko maji yanayonywewa mjini.

Sheria haina kigugumizi katika jambo hili. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na dola na wenzake kuyalinda. Haki tunaikariri sana. Wajibu tunaupita kama hatuujui. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 87, inakataza kutupa taka kwa namna inayochafua au kudhuru afya, na inataka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa hiyo aliyetoa zile mia tatu hakununua msamaha. Mzigo ulikuwa wake ulipokuwa sebuleni, na ni wake mpaka ufike mahali palipoidhinishwa.

Tusimsahau mwenye nyumba ya wageni anayebadilisha magodoro kumi kwa mpigo. Yeye anauza ufukwe safi kwa mgeni. Asiwe wa kwanza kuuchafua kwa mlango wa nyuma.

Nayo kaunti isijifiche nyuma ya makosa ya mwananchi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeikazia kazi hiyo. Mji ambao vichochoro vyake havipitiki kwa gari hauwezi kuhudumiwa kwa mipango ya miji ya malori. Unahitaji chombo cha majini, mahali maalumu karibu na gati, tarehe inayojulikana na ada iliyobandikwa ukutani. Pate na Kizingitini wanahitaji zaidi, maana njia yao ya kuja Mokowe, bara, kupitia mkondo wa Mkanda tangu jadi imetegemea maji kujaa. Kumwambia mtu wa Kizingitini "leta taka zako" bila kumwonyesha chombo ni dhihaka.

Kuna watakaotaja Flipflopi, lile dau lililoundwa hapa kwa takriban tani kumi za taka za plastiki, likashushwa majini 2018 na kwenda Zanzibar mwaka uliofuata. Ni sifa yetu, na tunajivunia. Lakini dau lile halimezi makochi. Kochi ni mbao, misumari, kitambaa na sponji, na lazima mtu akae alibomoe: mbao apewe seremala, chuma auziwe mfanyabiashara mwenye leseni kama inavyotaka Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Kinachobaki, ambacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ndicho cha kusubiri chombo.

Na kabla ya kubomoa, angalia vizuri unachokibomoa. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946 unalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, hata kama umeliwa na mchwa na umelala uani miaka ishirini. Kwa huo, nenda makumbusho kwanza. Yako pale pale ukingoni mwa bahari.

Tunaitaka kaunti itangaze tarehe ya kwanza ya kukusanya mizigo hii kabla kusi haijaanza. Mpaka siku hiyo, kochi likae uani kwa mwenyewe, si barazani kwa jirani.