Moyo na Majani



Mama mmoja ametuandikia akiuliza iwapo ni kweli kwamba mwenye moyo safi aweza kuketi mbele ya mmea, akatafakari, na sifa za mmea ule zikamfunukia bila ya kufunzwa na mtu. Jirani yake, ajidaiye kufunuliwa siri za miti kwa njia hiyo, amempa mafuta ya mwarobaini amnyweshe mwanawe mchanga.

Dai hili si geni, wala si la pwani peke yake. Tabibu Mwingereza, Edward Bach, aliiacha kazi yake London mwaka 1930 akawa azunguka mashambani, akiamini kuwa akiweka ua ulimini atahisi latibu nini. Aliacha dawa 38, nazo zauzwa hata leo. Zilipopimwa kwa uangalifu, hazikuonekana kuzidi dawa isiyo na kitu ndani yake.

Tafakuri ni ibada. Suratur-Ra'd, aya ya 4, yatuelekeza kwenye bustani zinyweshwazo maji mamoja, na matunda yake yakahitilafiana utamu. Atazamaye hayo humjua Mola wake. Ama kipimo cha dawa, hiyo ni elimu nyingine. Mtazame mnanaha: ua jeupe, pole, linukialo jioni. Moyo wangu ungeniambia hapa pana rehema tupu. Kumbe mbegu zake hurusha akili, na huua.

Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Dameski mwaka 1248, alisafiri kutoka Andalusia, akapita Afrika ya Kaskazini hadi Sham, akiichunguza mimea pale iotapo. Kitabu chake chaeleza dawa na vyakula wapata 1,400, naye hutaja amepokea kwa nani, na lipi ameliona kwa jicho lake. Sisi tuliosoma vyuoni twaijua tabia hiyo: ni isnadi. Jirani huyo isnadi yake ni ipi?

Mafuta ya mwarobaini yamekwisha kudhuru watoto wachanga waliyonyweshwa: hutapika, huzama usingizini, hushikwa na degedege, na wengine wamekufa. Mama, usimpe hata tone. Ikiwa umekwisha kumpa, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje dalili, na chupa uichukue waione. Jirani usigombane naye. Niletee jina lake msikitini, nitamwendea mwenyewe.