Tuchagulie watoto muchezo wenye mwisho

Saa kumi na mbili ya asubui. Baba anarudia kutoka posti ya usiku, viatu vya kazi vingali na bulongo nyekundu. Anafungua mulango, anakuta mutoto amekaa kwenye kiti, macho mu simu, vidole vinakimbia. Hakulala? Ao ameamuka mbele ya watu wote? Baba hana tena nguvu ya kuuliza. Anasema neno moja tu: "Zima!" Mutoto anajibu: "Baba, ngoja kidogo, siwezi kuzima sasa, wenzangu wataniacha." Pale njo makelele inaanza, mama anaamuka, na usingizi wa mutu aliyetumika usiku muzima unaharibika.

Hadisi hii wasomaji wetu wanaijua, wakae Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Lubumbashi. Na kila mara inaishia na hukumu ileile: michezo ya video inaharibu watoto. Leo tunataka kusema kitu kingine. Sisi hatuamini kama michezo yote ni sawa. Muangalie vizuri lile jibu la mutoto: "Siwezi kuzima sasa." Ni muchezo gani ule ambao mutu hawezi kuuzima? Wazazi wanauliza, "Unacheza ao huchezi?" Ingefaa waulize, "Unacheza muchezo gani?"

Kuko michezo ya namna mbili. Ya kwanza ni ile isiyokuwa na mwisho. Inaingia mu simu bure, lakini haikai bure. Kila siku inakuita: rudi, kuko zawadi, nunua nguo mupya ya mupiganaji wako, lipa kidogo tu upite mbele. Inakula mega kila dakika, sababu unacheza na watu wa mbali, na wale watu hawakungoji. Waliotengeneza muchezo wa namna ile wanapata feza yao pale mutu anashindwa kuuachia. Ndugu yake wa karibu ni pari za mupira, na wote tunajua mushahara ngapi umeishia kule mbele ya kufika ku nyumba.

Namna ya pili ni muchezo wa mutu mumoja. Hapa haupigani na mutu wa mbali. Unapambana na hadisi, na shamba, na mulima, na akili ya yule aliyeutengeneza. Uko na mwanzo, uko na katikati, na mara nyingi uko na mwisho. Unaununua mara moja. Ukishaingia mu mashini, michezo mingi ya namna hii haiombi tena intaneti. Na kitu kikubwa kwa nyumba yenye mutu wa posti: unaweza kuusimamisha. Baba akirudi, ao mama akiita ku meza, mutoto anasimamisha, na hakuna mutu wa kumuacha nyuma.

Wababa wengi walianza na muchezo wa namna hii bila kujua. Mukumbuke ule nyoka wa simu za Nokia, ulioingia mu simu kuanzia mwaka 1997. Ulikuwa peke yako na nyoka yako. Basi ya kazi ikifika, unatia simu mu mufuko, unapanda. Nyoka hakukufuata ku kazi.

Sasa, tusiseme tu bila kuonyesha. Tutaje michezo yenyewe, na uzuri na ubaya wake.

Wa kwanza ni Stardew Valley, uliotoka mwaka 2016. Mutu mumoja wa Marekani, Eric Barone, njo aliutengeneza peke yake: picha, muziki, maneno, yote. Hadisi yake ni hii: kijana anatumika mu biro ya kampani kubwa, amechoka kabisa, anafungua barua ambayo nkambo yake alimuachia. Mu barua kuko shamba. Shamba lenyewe limejaa mawe na majani, na kazi inaanza. Lakini kitu kitakachochekesha wasomaji wetu ni kwamba karibu na shamba kuko mugodi wenye orofa 120. Juu unapata shaba, katikati chuma, chini zahabu. Kila orofa tano, lifti. Na uzima wako ukiisha kabisa kule chini, unaanguka, unaamuka fasi ingine, na feza na vitu vyako vingine vinaweza kupotea. Mutoto anajifunza mu muchezo kitu ambacho baba yake anakijua ku kazi: kushuka ni akili moja, kujua saa ya kupanda ni akili ingine.

Stardew Valley uko mu mashini kubwa, uko na mu simu, na uko na Kifaransa. Ukiununua umemaliza, hauombi feza ingine ndani. Ubaya wake? Unaenda polepole, na mutoto aliyezoea masasi atasema hauna pilipili. Kisha, kwa kawaida unaandika fasi umefika pale siku ya muchezo inaisha. Mama asikubali kudanganywa hapo: siku moja ya ndani inachukua karibu dakika 14. Mutoto akisema, "Mama, acha niishilize siku," umupe robo saa, haizidi.

Wa pili ni Minecraft, uliotoka kamili mwaka 2011, uliozaliwa inchi ya Uswidi. Kwa mwaka 2023 ulikuwa umeuzishwa zaidi ya mara milioni 300. Dunia yote ndani ni ya vipande kama matofali: unakata muti, unatengeneza pioshi, unachimba. Pioshi ya muti haiwezi kutoa chuma. Utafute kwanza ya mawe. Ya mawe haiwezi kutoa almasi. Utafute ya chuma. Na sheria ya kwanza ambayo wachezaji wa dunia muzima wanafundishana ni hii: usichimbe chini ya miguu yako mwenyewe, utaanguka mu shimo ao mu moto wa mawe yaliyoyeyuka. Watoto wa Uswidi na wa Japani wanajifunza ile kwa mara ya kwanza mu muchezo. Wetu wangeweza kuifundisha.

Lakini tuseme ukweli wote. Minecraft uko pia na mulango wa kucheza na watu wa mbali, na duka ndani yake. Mutoto mudogo acheze ule upande wa mutu mumoja, bila duka. Na hata kama kuko dragoni wa kuua mwishoni, watoto mingi hawafiki kule, wanajenga tu. Basi mupange mwisho pamoja: "Ukimaliza kujenga ile nyumba, unapumuzika juma moja."

Wa tatu unatoka karibu na sisi: Aurion. Vijana wa Kiro'o Games, mu muji wa Yaoundé, Kameruni, waliutoa mwezi wa 4 mwaka 2016. Enzo Kori-Odan ni mwana wa mufalme. Siku ileile ya kuvikwa taji, shemeji yake anamunyanganya kiti. Anaenda kutembea dunia pamoja na bibi yake Erine, kutafuta nguvu iliyoachwa na wakubwa waliotangulia. Hapa bibi si mutu wa kungoja ku nyumba, yuko pamoja naye mu njia yote. Maneno ni mingi, na yako mu Kifaransa: mutoto anayekimbia kitabu ya masomo atasoma hapa bila mutu kumupiga. Ubaya: unaomba ordinateri, hauko mu simu, na vita vyake vinarudiarudia wakati mwingine.

Wa ine ni Tales of Kenzera: Zau, wa mwezi wa 4 mwaka 2024. Aliyeufikiri ni Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Baba yake alikufa, na muchezo huu njo namna yake ya kumulilia. Kijana Zau anaenda mbele ya Kalunga, mwenye kutawala kifo, anamuomba amurudishie baba. Wenye kuongea Kiluba hawahitaji mutu wa kuwafasiria jina lile. Na unaweza kuchagua kuusikia mu Kiswahili, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kiswahili chao ni cha Mashariki, si cha Katanga, lakini mutoto wetu atakisikia.

Tunautaja huu kwa sababu nzito. Mu miji yetu kuko watoto ambao baba ao yaya yao alibaki chini ya udongo. Kuko nyumba ambamo kilio kiliisha kwa siku tatu, watu wakarudi kwao, na mutoto akabaki na ulizo lake bila mutu wa kumujibu. Muchezo hauponyeshi kifo, na hatutasema hapa namna Zau anamalizia na Kalunga. Tunasema tu kama kuko muchezo ambao mutoto anaweza kuona kijana mwingine akikasirika, akikana, akilia, bila mutu kumucheka. Shida yake ni mashini: unaomba konsoli mupya ao ordinateri, na vile viko kwa watu wachache. Wenye fasi za play, ambapo watoto wanalipa kwa saa, wangefanya kazi nzuri kuutia karibu na ile ya mupira.

Musituelewe mubaya: muchezo wa mutu mumoja si dawa ya kila kitu. God of War na GTA San Andreas inachezwa na mutu mumoja pia, lakini Ulaya inatiwa namba 18 juu ya kifuniko, na namba ile haikutiwa kwa urembo. Mutoto wa miaka tisa hana kazi mule. Muzazi asiyejua muchezo hata mumoja anaweza kuangalia ile namba.

Kuko neno ingine ambalo nyumba ya wachimbaji haiwezi kuruka. Batri ya simu, na ya maneti isiyokuwa na waya, mara nyingi iko na kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka inchi yetu. Mwaka 2011, fundi wa Italia, Paolo Pedercini, alitengeneza muchezo mudogo wa simu unaoitwa Phone Story. Mu kipande cha kwanza, mwenye kucheza anawalinda watoto wa Congo wasipumuzike kuchimba koltani. Kampani ya Apple iliutoa mu duka lake nyuma ya siku chache tu. Si muchezo wa kufurahisha, na hatuushauri kwa wadogo. Lakini vijana wa miaka 16 na zaidi wanaweza kuuongelea na baba yao, sababu hapa baba njo mwenye kujua zaidi ya fundi. Kwa muda murefu sisi tunatoa mawe, wengine wanatoa hadisi, kisha hadisi inarudi kwetu na bei juu yake. Vijana wa Yaoundé wameonyesha kama inawezekana namna ingine. Mutoto anayejua kusema kwa nini muchezo huu ni muzuri na ule ni mubaya, yule njo siku moja anaweza kutengeneza wa kwetu.

Mama mingi watatujibu: "Muchezo wa mutu mumoja utamufanya mutoto akae peke yake." Ni neno la kweli, na hatulikatai. Lakini mukumbuke zamani. Nkambo alipotoa hadisi mangaribi, mutu mumoja njo aliongea, na nyumba muzima ilisikia. Muchezo wa hadisi unaweza kukaa vilevile. Mutoto mumoja anashika maneti, wengine wanakaa kando, wanasema: "Pita kule! Usimuamini yule!" Wanabadilishana. Na ku meza, umuambie mutoto akuhadisie fasi amefika. Akiweza kuhadisia vizuri, muchezo umemupa kitu. Akishindwa, akasema tu "ninapiga, ninapiga," ujue ule muchezo unamuangalia yeye, hautazamwi naye.

Basi haya njo maoni yetu. Mupange saa, na ile saa ifuate posti ya baba, si mapenzi ya simu. Mutafute muchezo unaonunuliwa mara moja. Muangalie namba ya miaka. Mutoto asipewe namba ya siri ya feza ya simu. Na akimaliza muchezo, mumupongeze kama vile amemaliza kitabu, kisha apumuzike mbele ya kuanza mwingine.

Na wewe baba unayerudia asubui na bulongo ku viatu, siku ingine jaribu kuacha ile "Zima!" Uliza: "Umefika wapi mu hadisi?" Sikiliza jibu, hata kama ni dakika mbili. Kisha sema: "Sawa, iandike palepale, utaendelea kesho." Muchezo muzuri utakubali. Mutoto naye atakubali. Na wewe utaenda kulala, sababu mangaribi kazi iko inakungoja.