Mpira Upi? Uliza Kwanza Utatoka Lini

Toleo hili linalinganisha mipira ya mkojo anayowekewa mgonjwa kwa muda mfupi baada ya upasuaji: ya lateksi, ya silikoni, na ile iliyotiwa kitu cha kuua bakteria. Hii ya mwisho ndiyo ghali na ndiyo inayosifiwa sana. Je, sifa hizo inazistahili?

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika hospitali 24 za Uingereza. Ndani ya wiki 6, waliougua maambukizi ya njia ya mkojo na kupewa antibiotiki walikuwa asilimia 12.6 kati ya waliowekewa mpira wa lateksi uliopakwa tefloni, asilimia 12.5 kwa uliopakwa madini ya fedha, na asilimia 10.6 kwa wa silikoni uliotiwa nitrofurazoni. Madini ya fedha hayakusaidia kitu. Nitrofurazoni ilisaidia kidogo, tena kwa usumbufu zaidi kwa mgonjwa.

Hatusemi kwamba mpira wowote unafaa. Mwenye mzio wa lateksi awekewe silikoni, hilo halina mjadala. Ukuta wa silikoni ni mwembamba, hivyo namba 16 yake ina tundu pana kuliko namba 16 ya lateksi. Lakini puto lake hupoteza maji polepole, na likishanyonywa hubaki na mikunjo inayoweza kumkwaruza mgonjwa mpira unapotolewa. Hizo ndizo sababu za kuchagua, wala si maandishi ya kwenye pakiti.

Kila siku mpira unapobaki ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, uwe wa bei gani. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2009 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka mpira utolewe mapema baada ya upasuaji, ikiwezekana ndani ya saa 24. Siku ya kutolewa isipoandikwa kwenye faili, zamu moja huuachia zamu nyingine.

Kwa hiyo, msimamizi wa wodi, kabla hujaagiza mipira ya bei kubwa, pitia mafaili ya leo. Kila mgonjwa mwenye mpira aandikiwe sababu ya kuwekewa na saa ya kutolewa. Asiye na sababu, utolewe leo.