Vitenzi vya Kuchuja Tunavyo Tele

Wasomi wetu wengi wanaamini kwamba mtu akitaka kueleza sawasawa namna ya kupunguza vingi vibaki vichache, au kuondoa kisichotakiwa kibaki kinachofaa, sharti akimbilie Kiingereza. Waingereza, tunaambiwa, wana sift, winnow, filter, cull, prune na whittle, kila kitenzi na kazi yake, ilhali sisi tuna “chagua” na “ondoa”, basi. Imani hii ni ya uongo, na madhara yake tunayabeba ofisini na, vibaya zaidi, darasani.

Vitazameni kwanza hivyo vitenzi vinavyoogopwa. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa maabara. Winnow asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lililotoka kwenye upepo, maana nafaka ilirushwa hewani ili makapi yapeperuke. Sift ni ndugu wa sieve, yaani chekeche. Filter kinarudi kwenye Kilatini cha zama za kati, kwenye jina la kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa, kilichotumiwa kuchujia. Whittle kimetokana na jina la kisu. Cull kilianza kwa maana ya kukusanya na kuchagua, na leo wafugaji wanakitumia kwa kuua wanyama wasiotakiwa kundini. Hata eliminate, kinachosikika cha kisomi kuliko vyote, Kilatini kilikitumia kwa kutoa kitu nje ya kizingiti cha mlango. Ni vitenzi vya shambani, jikoni na mlangoni. Majaji, madaktari na wahandisi wa Uingereza vingi walivikuta vinywani mwa watu wao wakavipa kazi mpya, wala hawakuona haya.

Sisi nasi tunavyo, tena tele. Nafaka tunaipepeta kwa ungo, unga tunauchekecha, tui tunalichuja, povu tunaliengua juu ya chungu, shamba tunalipalilia, matawi tunayapogoa. Mchele unachambuliwa ili chuya na mawe yatoke. Unguja na Pemba kuchambua karafuu ni kuzitenga na makonyo yake. Wachimbaji wa dhahabu nao wanachenjua. Anayedai kwamba vyote hivi ni “ondoa” hajakisikiliza Kiswahili cha watu wanaofanya kazi kwa mikono.

Wala havikubaki shambani. Julai 2015, mjini Dodoma, Chama Cha Mapinduzi kilikuwa na watia nia 38 waliorejesha fomu za kuwania urais. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, kisha Mkutano Mkuu ukampitisha John Magufuli. Taifa zima lilifuatilia upunguzaji ule kwa Kiswahili: mchujo, kukatwa jina, kuenguliwa, tano bora, tatu bora. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Kenya nako, kura za kuteua wagombea ndani ya vyama huitwa kura za mchujo, na mpigakura wa Kisumu anaelewa kama wa Mombasa. Kitenzi cha kuengua povu kimefika kwenye tume za uchaguzi kwa njia ileile ambayo winnow kilifika mahakamani Uingereza.

Watanijibu kwamba kijana wa mjini hajawahi kupepeta, anauziwa mchele safi kwenye mfuko, kwa hiyo neno litakufa. Lakini kijana wa London naye hajawahi kupepeta ngano, na winnow kiko hai kwa sababu mwandishi wa gazeti anakitumia, na mwalimu anakidai. Uhai wa neno unategemea wanaoandika kuliko wanaolima. Pingamizi zito zaidi ni la tiba, nami nalikubali. Tunasema “uchunguzi” kwa kumpima mtu asiye na dalili yoyote, na tunasema “uchunguzi” huohuo kwa kutafuta ugonjwa wa mtu ambaye tayari anaumwa. Mwanamke anayeitwa kwenye uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi anaweza kudhani tayari ameshukiwa, akaogopa kwenda. Hilo ni pengo la kweli. Ila halikusababishwa na uchache wa vitenzi. Limesababishwa na wataalamu kutokaa na wanalugha wakakubaliana kitenzi kipi kibebe maana ipi, kazi ambayo BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania kwa sheria mwaka 1967, lina mamlaka ya kuisimamia.

Ninapoumia zaidi ni shuleni. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia sekondari na kukuta somo la kemia limegeuka Kiingereza. Katika mada ya kutenganisha michanganyiko anakaririshwa winnowing, sieving na filtration kama elimu ngeni iliyotoka ng'ambo, na huku nyumbani ungo, chekeche na chujio vimetundikwa ukutani na anajua kuvitumia tangu ana miaka saba. Angeweza kumweleza mwalimu kwa nini pumba hutangulia kuruka na mchele ukabaki, kipi ni chepesi na kipi ni kizito, na hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Lakini mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, na asipokumbuka neno winnowing anahesabiwa kwamba hajui kutenganisha pumba na mchele.