Polisi hupewa taarifa, hawaombwi ruhusa: Jua haya kabla ya kuandaa shoo mtaani

Tuseme wewe na wenzako watano mmeamua kwamba Desemba hii mtaandaa shoo ya bure kwenye uwanja wa mtaa wenu. Dijei mnaye, wasanii ni marafiki zenu, spika za kukodisha zimepatikana, na kuna mama ameahidi kuleta chapati na madondo. Swali la kwanza ambalo kila mtu atawauliza ni: "Kibali mnacho?" Hapo ndipo shida huanza, kwa sababu wengi wanaouliza swali hilo, wakiwemo maafisa wenyewe, hawajui ni kibali gani wanachokiulizia.

Nchini Kenya hakuna karatasi moja inayoitwa kibali cha hafla. Kuna milango kadhaa, na kila mmoja una bwana wake. Usipojua ni mlango upi wa nani, utalipa mahali usipofaa kulipa, kisha ufungiwe shoo na yule ambaye hukuwahi kumtembelea.

Tuanze na polisi, maana hapa ndipo vijana wengi hudanganywa. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inasema katika kifungu cha 5 kwamba anayetaka kuandaa mkutano wa hadhara au maandamano atampa OCS wa eneo hilo taarifa kwa maandishi, kati ya siku 3 na siku 14 kabla ya siku yenyewe. Unaandika majina yako kamili na mahali unapopatikana, tarehe, saa (iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni), na uwanja au njia mtakayopitia. Basi. Sheria imesema taarifa, haikusema ombi. Zamani ulihitaji leseni kutoka kwa utawala wa mkoa, na ni mageuzi ya 1997, yale ya mazungumzo ya IPPG kabla ya uchaguzi, yaliyoondoa leseni hiyo na kuweka taarifa mahali pake.

Kwa hivyo OCS akikwambia "nimekataa kukupa kibali", muulize kwa heshima ni kibali gani. Sababu ambayo sheria inampa ya kukuambia utafute siku nyingine ni kwamba kuna mwingine aliyetangulia kuleta taarifa ya uwanja huohuo, siku na saa ileile. Tena anatakiwa kuweka rejista ya taarifa zote, ambayo raia anaweza kuikagua saa za kazi. Ni kweli polisi wanaweza kuzima mkutano kukiwa na hatari iliyo wazi na ya karibu ya kuvuruga amani, lakini hilo ni tofauti kabisa na afisa kuamka vibaya.

Sasa, kuna jambo ambalo wachache hulitaja. Sheria hiyohiyo inatenga mikusanyiko ambayo ni ya burudani, utamaduni, dini, biashara au hisani pekee; hiyo haihesabiwi kuwa mkutano wa hadhara. Yaani shoo yenu ya muziki mtupu haiko chini ya kifungu hicho. Mimi bado ningempelekea OCS barua, kwa sababu unahitaji awajue na awe na maafisa karibu mambo yakiharibika. Lakini ni barua ya kujulisha, na muhuri wa "imepokelewa" hauna bei.

Tatizo ni kwamba mstari kati ya burudani na siasa si mnene. Julai 7, 2024, vijana walijaa bustani ya Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Lilikuwa na jukwaa, muziki na wasanii. Lilikuwa pia na ujumbe ambao kila aliyekuwa pale aliuelewa. Ile ni shoo au mkutano? Ukiniuliza, ilikuwa vyote viwili, na Ibara ya 37 ya Katiba inailinda kwa hali zote mbili mradi watu wamekuja kwa amani na bila silaha. Siku chache baadaye polisi walipiga marufuku maandamano katikati mwa Nairobi, na Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo. Mwaka wa 2025, Mwakilishi wa Kike wa Nairobi, Esther Passaris, alileta mswada wa kurekebisha sheria hiyo ili kuzuia maandamano umbali wa mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa. Kwa hivyo usidhani haya ni mambo ya waandalizi wa tamasha peke yao.

Mlango wa pili ni kaunti, na hapa kweli unaomba. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya burudani ya umma, leseni za pombe, bustani na fuo, zimamoto, na udhibiti wa kelele na kero nyingine. Uwanja ukiwa wa kaunti, utalipia kuutumia. Kukiwa na chakula, afya ya umma watakuja. Kukiwa na mabango barabarani, hiyo ni ada nyingine. Kukiwa na pombe, utahitaji leseni ya kuiuza, na walio chini ya miaka 18 hawauziwi hata wakikuonyesha ndevu.

Ila kinachofungia watu shoo mara nyingi ni kelele. Hebu tazama hesabu hii. Kanuni za kelele za 2009 zinasema usiku unaanza saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mchana, eneo la makazi linaruhusiwa desibeli 50 nje ya nyumba na eneo la biashara desibeli 60. Usiku ni 35, popote pale. Desibeli 35 ni kama maktaba yenye watu wanaonong'ona. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hukaribia 60. Kwa maneno mengine, hakuna shoo ya saa tatu usiku nchini Kenya inayoweza kutii kiwango hicho, hata ikiwa ni gitaa moja na spika moja. Ndiyo maana kanuni zikaruhusu mtu kuomba leseni ya muda mapema.

Unaona matokeo yake? Kila tamasha la usiku lisilo na leseni ya kelele limevunja sheria tangu wimbo wa kwanza. Afisa hana haja ya kutafuta kosa. Kosa liko tayari, anachagua tu ni nani wa kumwambia. Sheria inayovunjwa na kila mtu humpa mwenye gari la kanjo nguvu ya kuamua nani azimiwe jenereta na nani aachwe, na hapo ndipo "kitu kidogo" hupata nafasi. Lori la mwanasiasa hupita mtaani na spika nane, krusedi hukesha hadi alfajiri, na anayeshikwa ni dijei wa miaka 21. Hata hivyo simlaumu jirani anayelalamika. Ana mtoto mchanga, au anaamka saa kumi alfajiri kwenda kazini. Kiwango kingekuwa cha kweli, jirani angekuwa na ulinzi wa kweli, si huu wa kutegemea kama afisa amelipwa au la.

Muziki wenyewe una wenyewe. Mkipiga nyimbo za watu hadharani, Sheria ya Hakimiliki inawataka mlipe mirabaha kupitia mashirika yanayowakilisha watunzi, waimbaji na wazalishaji. Kwa miaka mingi majina yamekuwa MCSK, PRISK na KAMP, lakini leseni za mashirika hayo zimekuwa zikizozaniwa hadi mahakamani. Kabla ya kumtumia mtu pesa, thibitisha na KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni shirika lipi lina leseni mwaka huo.

Kuhusu pesa, kumbuka ibara mbili. Ibara ya 210 inasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa kaunti, sheria hiyo ni ile ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti kila mwaka, na ina jedwali la ada. Ukitajiwa kiasi, uliza kiko wapi kwenye jedwali, lipa kwa njia rasmi, na utunze risiti. Ibara ya 47 nayo inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi ukinyimwa kibali. Barua ya kuuliza sababu haigharimu chochote, na afisa mvivu huogopa kuweka saini yake kwenye sababu isiyosimama.

Lakini tusijidanganye kwamba sheria hizi zote ni za kuwakandamiza vijana. Oktoba 2010, mashabiki 7 walifariki katika mkanyagano uwanjani Nyayo, Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards. Desemba 2025, katika uwanja huohuo, msichana mwanafunzi wa chuo kikuu aliumia katika msukumano langoni kabla ya shoo ya Asake, msanii wa Nigeria, naye akafariki. Miaka 15 kati ya visa hivyo, na kilichoua ni kilekile: watu wengi, lango dogo.

Hapo ndipo nina shida na mfumo wetu. Mwandalizi atazungushwa ofisi baada ya ofisi kutafuta mihuri, na katika ofisi hizo ataulizwa kama amelipa. Atakayemuuliza lango la kutokea lina upana gani, watu wangapi wataingia, ambulensi itapita wapi, ni nadra. Yaani kibali kimekuwa risiti. Disko matanga ni mfano mwingine: kule Kilifi na magharibi mwa nchi, watawala wamezipiga marufuku tena na tena kwa sababu ya mimba za mapema na uhalifu, na bado zinapigwa, usiku, vichakani, mbali na mtu yeyote anayeweza kukagua chochote. Marufuku haijawahi kuhesabu watu langoni.

Kuunganisha mihuri inawezekana. Mwaka wa 2023 Nairobi ilianza kutoa kibali kimoja cha biashara kinachounganisha leseni ya biashara, zimamoto, afya, chakula na mabango. Mwenye duka la dawa anahudumiwa hivyo. Mwenye shoo ya siku moja bado anazunguka. Sioni kwa nini shoo ya watu 200 isiyo na tiketi isipate fomu moja, ada moja ndogo, na mkaguzi mmoja anayefika uwanjani siku moja kabla, huku tamasha la watu 20,000 likitakiwa kuleta mpango kamili wa usalama.

Ada hizi hupangwa kila mwaka, na kabla ya kupitishwa, mswada wa fedha wa kaunti lazima upelekwe kwa wananchi watoe maoni. Tangazo hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya kaunti, na vikao hufanyika wadini. Wenye baa huenda, na wenye matatu pia. Ukienda, beba risiti zote za shoo yako ya mwisho, na uulize mbele ya watu ni ipi kati yake iliyolipia mtu kuja kuangalia lango.