Machela na bashi ya kambi: tushone wenyewe

Likizo kubwa inakaribia, na mama mmoja wa chama chetu ameniuliza kama anaweza kumshonea kijana wake machela, yaani kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, na bashi ya kufunika juu. Kijana anakwenda kambini na wenzake wa skauti. Mama mwenyewe hadi sasa ameshona mapazia na foronya tu.

Anaweza. Machela ni shuka iliyokunjwa pembeni, si zaidi. Lakini mtoto atalala humo hewani, kwa hiyo ncha za kitambaa na kamba hazitaki haraka.

Nunua mita 3 za kitambaa kizito cha shuka, pamba iliyochanganywa na poliesta, upana wa mita 1.5. Kikwembe kipya kinaweza kumbeba mtoto mdogo. Kile ulichovaa miaka mitano kiache kifungie mtoto mgongoni. Ukiwa bado sokoni, shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, vuta kwa nguvu. Nyuzi zikiachana, kirudishe. Muuzaji atanuna, anune. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu ule wa pamba huoza kwa unyevu.

Pande ndefu, kunja sentimita 1 mara mbili, pitisha mashini. Kila ncha fupi, kunja sentimita 5 ili kupata njia ya kamba, na hapo shona mistari mitatu sambamba, ukirudi nyuma mwanzo na mwisho wa kila mstari. Uzito wote wa mtoto unashikwa na mistari hiyo. Ingiza kamba imara, kusanya kitambaa kama mdomo wa mfuko, funga.

Sasa nivumilieni, mwalimu ni mwalimu. Watu wengi hukaza machela hadi inyooke kama kitanda. Wanakosea. Kamba ikiteremka kwa pembe ya digrii 30, mtoto wa kilo 40 anavuta kila kamba kwa uzito wa kilo 40 hivi. Ukikaza mpaka pembe ibaki digrii 10, kila kamba inavutwa kama na kilo 115. Mtoto ni yule yule, hajala hata ugali zaidi! Basi machela ilegee kama ndizi. Mtoto akilala mshazari, si katikati moja kwa moja, mgongo utanyooka vizuri.

Miti iwe mibichi, minene kama paja la mtu mzima. Kwenye shina zungusha mkanda mpana, kama ule wa kufungia mizigo, maana kamba nyembamba inakata gamba la mti. Chini ya machela pasizidi urefu wa kiti. Na kabla ya mtoto kupanda, weka mifuko ya mchanga yenye uzito kumpita, iache usiku mzima, kisha kagua mshono kwa macho na kwa vidole. Uzi mmoja ukikatika, rudi kwenye mashini.

Bashi ya plastiki usiipitishe mashini. Kila tundu la sindano ni mwanzo wa kupasuka. Weka kijiwe kwenye kona, kikunje ndani ya plastiki, funga kamba shingoni mwake, haitachomoka. Kama unataka kushona kweli, tafuta nailoni kama ya mwavuli, vipande viwili vya mita 3, uviunganishe kwa mshono wa kukunja kama wa suruali ya jinzi. Mshono huo ukae juu kabisa, kwenye mgongo wa bashi, maji yateremke pande zote mbili. Usugue kwa mshumaa uzibe matundu. Kila kona ongeza kipande cha pembetatu, kitambaa mara mbili, ndipo ushone kitanzi cha kamba.

Jambo la mwisho ni baridi. Huku kwetu Lubumbashi usiku wa Julai unauma, na katika machela upepo unapita chini ya mgongo. Blanketi la kujifunika peke yake halitoshi. La pili litandikwe ndani ya machela, chini ya mtoto.