Misheni Huanzia Magotini

Misheni ya kanisa la mtaa ni kazi ya kuwapelekea watu Habari Njema kwa neno na kwa tendo, jirani na mbali. Kazi hiyo ina mwenyewe, naye ni Mungu. Kanisa ni mtumishi tu. Mtumishi asiyeonana na bwana wake hajui ametumwa wapi, kwa nani, wala abebe nini. Ndiyo maana sala haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo la misheni au desturi ya kufungulia mikutano. Sala ndiyo msingi wenyewe. Hakuna Mkristo asiyelikubali neno hili kwa mdomo. Linaloudhi ni kwamba wengi wanalikana kwa matendo.

Utaratibu wa kazi hii uliwekwa na Bwana mwenyewe. Alipoyaona makutano yamechoka na hayana wa kuyachunga, neno la kwanza aliloagiza halikuwa kuunda kamati wala kukusanya fedha. Aliwaagiza wanafunzi wamwombe mwenye mavuno apeleke watenda kazi shambani mwake. Kabla ya kuwateua wale kumi na wawili alipanda mlimani, akakesha akiomba hadi kulipokucha. Ikiwa Mwana wa Mungu alihitaji usiku mzima, baraza la wazee linapata wapi ujasiri wa kupanga majina ya wainjilisti kwa robo saa, kwa kuangalia nani ana usafiri na nani ni ndugu wa nani?

Kanisa la Antiokia lilifuata utaratibu ule ule. Matendo ya Mitume, sura ya 13, yanawataja viongozi wake watano: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio mwenyeji wa Kirene ya Afrika Kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Walikuwa katika ibada na mfungo ndipo Roho Mtakatifu alipowaagiza wamtengee Barnaba na Sauli. Hata baada ya agizo hilo hawakukurupuka. Walifunga tena, wakaomba tena, wakawawekea mikono, kisha wakawaaga. Sala ilitangulia mara mbili kabla mtu hajatoka nje ya mji. Tena kanisa lile lilitoa wawili kati ya watano, na wote wawili walikuwa nguzo zake. Kanisa lisiloomba haliwezi kutoa hivyo. Hutoa kile lisichokihitaji.

Sala hiyo hiyo huongoza safari, na mara nyingine huizuia. Paulo na wenzake walikatazwa kulihubiri neno katika Asia, wakazuiwa kuingia Bithinia, hata walipofika Troa Paulo akaonyeshwa kwa njozi kwamba wanahitajiwa Makedonia. Huko Filipi walianzia kando ya mto, mahali pa kusali, na hapo ndipo Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau, alipofunguliwa moyo. Mpango uliotoka magotini hukubali kugeuzwa na Mungu. Mpango uliotoka kwenye bajeti peke yake hauna masikio.

Historia ya baadaye haina habari tofauti. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut katika ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf, huko Saksonia, Ujerumani. Haikupita miaka mingi wakaanza kugombana wao kwa wao kuhusu mafundisho na uongozi. Agosti 1727 walipatana, wakashiriki Chakula cha Bwana kwa moyo mmoja, na kabla ya mwezi huo kwisha wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku ili kila saa awepo mwenye kuomba. Zamu hiyo iliendelea kwa miaka zaidi ya 100. Mwaka 1732, miaka mitano tu baada ya kuanza kwake, Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka Herrnhut kwenda kisiwa cha Saint Thomas katika bahari ya Karibi ili wawahubirie watumwa. Mwaka 1891 wajumbe wa kanisa lililotokana na Herrnhut, yaani la Moravian, wakafika Rungwe, na mwaka 1898 wakapokea kazi ya Urambo katika Unyamwezi. Mmoravian wa Mbeya au Tabora anayejivunia kanisa lake, na ana haki ya kujivunia, akumbuke kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa; na waliounda walianza kwa kupiga magoti.

Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka na kukata tamaa. Alikwenda Kampala, na huko katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi. Muganda na Mwingereza wakaketi pamoja, wakasoma Maandiko, wakaomba. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyefanya kazi Gahini, naye akawaka moto wa kiroho. Alifariki Januari 1936 angali kijana, lakini moto haukuzimika. Katika miaka ya 1930 vikundi vya waliookoka vilitoka Gahini na Uganda, vikaingia Burundi, Kenya na Bukoba. Wengi wao walikuwa walimu wa shule, wauguzi na wakulima. Hawakuwa na ofisi ya misheni wala magari ya kifahari. Walikuwa na vikao vya kila wiki vya kusoma Neno, kuungama na kuombeana.

Katika habari za Herrnhut na za Gahini jambo moja lajirudia: mapatano yalitembea pamoja na maombi. Huko Gahini watu walirudisha vya wizi, wakaombana radhi, na Wazungu na Waafrika wakaungama mbele ya wenzao. Hapa ndipo sharika nyingi za leo zinapokwama. Mwenyekiti wa kwaya hasemi na mweka hazina. Wazee wamegawanyika, hawa wa mchungaji aliyeondoka, hawa wa aliyekuja. Na bado watu hao hao wanataka kwenda kijiji cha pili kuhubiri upatanisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana aliagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka ndugu wapatane. Misheni nayo ni sadaka.

Sala ya misheni ina sifa nyingine, nayo ni subira. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Hakurudi kwao. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianza kituo cha Rabai, na Rebmann akakaa huko hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kwa miaka mingi waumini walihesabika kwa vidole. Kwa hesabu za kamati za siku hizi, zinazotaka idadi ya waliookoka kabla turubai halijakunjwa, Rabai ingefungwa mwaka wa pili. Kumbe mbegu ilikuwa ardhini. David Livingstone naye, aliyezunguka bara hili akiwa na homa, alikutwa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Watumishi wake Susi na Chuma, waliouleta mwili wake hadi Bagamoyo, walitembea na ushahidi wa namna kazi ile ilivyobebwa.

Sasa yatazamwe yanayotendeka katika makanisa mengi ya mtaa mkutano wa Injili unapokaribia. Kamati ya maandalizi inaitwa. Ajenda ya kwanza ni kufungua kwa sala. Mwenyekiti anamwomba mama mmoja afungue. Mama anaomba kwa dakika moja huku waliochelewa wakivuta viti na simu ya mtu ikiita. Baada ya amina, saa tatu zinakwenda kwa jenereta, vipaza sauti, mabango, usafiri wa kwaya ya wageni na chakula cha mhubiri. Rangi ya fulana peke yake inakula nusu saa. Kisha mengineyo. Kisha mtu anatazama nje, anaona giza, na mzee anaombwa afunge kwa kifupi maana watu wana safari. Katika karatasi ya bajeti kila kitu kina msimamizi wake. Maombi hayana msimamizi, hayana siku, hayana hata mstari. Halafu mkutano ukipita bila tunda, lawama zinaangukia mvua, mafundi mitambo na ugumu wa mioyo ya wanakijiji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanaokataa kuinama wasishangae kuondoka mikono mitupu.

Kasoro ya pili ni sala ya kujipendelea. Mwomba chumvi huombea chungu chake, na katika mikesha mingi hakuna chungu kingine kinachotajwa. Usiku mzima yanaombewa kazi, safari za ng'ambo, ndoa, viwanja na kushindwa kwa adui wa ukoo. Mungu ni Baba, na mahitaji ya watoto wake hayamchoshi. Lakini kanisa linaloomba kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri bila kutaja kijiji kimoja kisichosikia Injili, wala mwinjilisti mmoja aliyeko porini na familia yake, limesahau kwamba katika sala aliyoifundisha Bwana ujio wa ufalme hutangulia mkate.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye uchafu mkubwa zaidi, nao hauwezi kupitwa kimya: biashara ya maombi. Kuna mahali mafuta yanauzwa kwa chupa, maji yanauzwa kwa ujazo, na mgonjwa anatajiwa kiasi cha kutuma kwa simu kabla hajawekewa mikono. Maskini anauza kuku wake wa mwisho ili aombewe. Simoni mchawi wa Samaria alitaka kuinunua karama ya Mungu kwa fedha, Petro akamkemea kwa ukali. Wa leo hawanunui, wanauza, na watu wanawapigia makofi. Aibu hiyo haiwaangukii wauzaji peke yao. Washirika hukimbilia huko kwa sababu nyumbani kwao, katika kanisa lililowabatiza, hakuna aliyekaa nao akawaombea bure. Wachungaji wanaolalamika kwamba kondoo wanahamishwa wajiulize kwanza zizi lilikuwa na malisho gani.

Hata hivyo haki itendeke: nuru haijazimika. Katika sharika nyingi, siku ya katikati ya juma, kabla jua halijachomoza, mlango wa kanisa unafunguliwa na akina mama wachache waliojifunika kanga kwa baridi. Mmoja ana daftari la shule lililochakaa pembe. Ndani yake yameandikwa majina: mtoto wa jirani aliyeacha kanisa, mwinjilisti wa mtaa wa mbali, familia iliyohamia, mgonjwa wa wodini. Wanayasoma moja moja, wanaomba, na aliyejibiwa anawekewa alama. Saa moja baadaye wanatawanyika kwenda shambani na sokoni. Hawana cheo katika kamati ya misheni, wala majina yao hayasomwi katika shukrani za Jumapili. Lakini hao ndio wanaolishikilia kanisa, na heshima yote wapewe. Ajabu ni kwamba wanaume, wenye sauti kubwa katika vikao, alfajiri hiyo hawaonekani. Mitume waliweka mashemasi ili wao wadumu katika kuomba na kulihudumia Neno. Wazee wa leo wamegeuza: wamedumu katika kuhudumia meza, na kuomba wamewaachia bibi zao.

Wapo watakaojibu kwamba sala nyingi huzaa uvivu, kwamba watu hujificha magotini wasifanye kazi. Hoja hiyo ina ukweli mdogo, na Biblia yenyewe inaujibu. Nehemia aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba. Ikapita miezi kama minne kabla hajasema neno mbele ya mfalme. Lakini siku ile aliposema alikuwa na hesabu kamili: muda wa safari, barua kwa watawala, miti ya malango. Adui walipotokea, aliomba na akaweka walinzi. Ajizi ni nyumba ya njaa, na aliyeomba kweli hana ajizi. Anayeomba kwa ajili ya kijiji fulani mwezi baada ya mwezi mwisho wake atapanda baiskeli akakitazame.

Basi kanisa la mtaa lina njia iliyo wazi. Kwanza, walio na ugomvi wapatanishwe kabla ya mkutano wowote kutangazwa. Pili, siku moja ya juma itengwe kwa maombi ya misheni peke yake, na mchungaji na wazee wawe wa kwanza kufika. Tatu, yaombewe majina ya watu na ya mahali, maana maombi ya jumla hayamtumi mtu popote. Nne, wanaotumwa wachaguliwe baada ya mfungo na wawekewe mikono mbele ya usharika wote. Na wakirudi wakusanyiwe watu watoe habari, kama Paulo na Barnaba walivyofanya waliporudi Antiokia, ili waliobaki wakiomba wayaone matunda. Tano, watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe mapema kuwaombea wengine, maana samaki mkunje angali mbichi. Sita, kamati ya maandalizi ibaki, bajeti iandikwe, jenereta likodiwe. Lakini yote hayo yafuate maombi, yasiyatangulie. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Usharika maskini kuliko yote unaweza kuanza juma hili.